Mapigo ya mtoto ni 58, na nyumbani kila mtu ana dawa yake

Shikamoo Mama Mkunga,

Nakuandikia kutoka Nakuru, mtaa wa Kaptembwo, saa tano usiku. Mume wangu amelala, au anajifanya amelala. Nina miaka 29, ni mwalimu wa chekechea, na hii ndiyo mimba yangu ya kwanza. Leo imefika wiki 24 na siku mbili.

Mwezi uliopita nilienda kliniki iliyo karibu nasi. Sista aliweka dopla tumboni, akasikiliza, akaihamisha, akasikiliza tena. Mwishowe akaniambia, "Hapa nasikia mapigo yako wewe mama, mtoto amejificha." Akaandika kitu kitabuni, akaniambia nirudi baada ya wiki nne. Nilirudi nyumbani lakini roho haikutulia. Siku ya tatu nikakopa pesa kwa chama nikaenda kupiga skani mjini. Yule kijana wa skani alikuwa akiongea na kucheka nami, kisha akanyamaza. Mama, unajua mtu anavyonyamaza akitazama skrini. Akasema mapigo ya mtoto ni 58.

Nikatumwa Eldoret kwa daktari wa moyo wa watoto. Eko, ile skani ya moyo, ilichukua karibu saa nzima. Alikuwa mpole, akanigeuzia skrini akanionyesha: vyumba vya juu vya moyo vinapiga 140 kwa dakika, vile vya chini vinapiga 58. Akasema, "Haviongei." Kwenye karatasi ameandika kwamba njia ya umeme imeziba, daraja la tatu, yaani kabisa, na kwamba hakuna maji yaliyojikusanya mwilini mwa mtoto. Damu yangu ikapimwa, ikapatikana na kingamwili zinazoitwa anti-Ro, nyingi sana. Sijawahi kulazwa hospitali hata siku moja. Kitu pekee ni macho kuniwasha kama yana mchanga, nami nilidhani ni vumbi la Nakuru, na mdomo kukauka mpaka naingia darasani na chupa ya maji.

Sasa sikia yanayonikosesha usingizi. Daktari wa uzazi hapa Nakuru ameniandikia vidonge vya deksamethasoni, aina ya steroidi, nimeze kila siku mpaka nijifungue. Nilipompigia yule wa Eldoret, alisema yeye hangekimbilia kuvianza, tuzungumze kwanza tukikutana Jumatano. Karatasi ya dawa nimeiweka ndani ya Biblia, sijanunua.

Wifi yangu wa Kisumu alijifungua kule Russia, ile hospitali kubwa ya Kisumu, mwaka juzi, mimba ikiwa ya miezi saba. Alidungwa sindano nne za dawa hiyo hiyo na mtoto wake sasa anakimbia. Ananipigia kila siku: "Si ni deksa ileile? Nenda udungwe nne, umalize!" Jirani naye ananiambia nisithubutu kugusa steroidi, kwa sababu dada yake alipaka krimu ya steroidi usoni mpaka ngozi ikawa kama karatasi. Mama mkwe, aliye Ahero, hataki kusikia habari za dawa kabisa. Anasema hii ni chira, kuna jambo tulilikiuka tulipofunga ndoa, na tukilirekebisha moyo wa mtoto utarudi sawa. Hajanitukana, lakini ananitazama.

Nimeze ama nisimeze? Nilikosea wapi? Na je, nikija kupata mtoto mwingine, itakuwa hivi tena?

Mama wa 58, Nakuru

* * *

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na kalamu mkononi. Ndani yake kuna jina moja la dawa na kazi mbili zisizofanana, na watu wanaokupenda wamezikoroga pamoja mpaka nawe hujui ni ipi unayoambiwa umeze na ni ipi unayoambiwa udungwe. Nitazitenganisha. Ila kwanza nijibu lile swali ulilolificha katikati ya mengine, la umekosea wapi.

Hukukosea popote. Kati ya vyumba vya juu vya moyo na vile vya chini kuna kituo kidogo sana cha nyama. Kazi yake ni kupokea umeme unaotoka juu na kuupitisha chini, ili vyumba vyote vipige kwa zamu. Mimba ikisogea, kondo la nyuma huanza kuvusha kingamwili za mama kwenda kwa mtoto, na hilo ni jambo jema, kwa kuwa ndizo zitakazomlinda miezi yake ya kwanza duniani. Kwako wewe, ndani ya msafara huo zimo anti-Ro. Kwa watoto wengi zinapita bila kufanya lolote. Kwa wachache zinakishambulia kile kituo, kinavimba kwa uchungu, kisha kinapona kwa kovu, na kovu halipitishi umeme. Mara nyingi hayo hutokea kati ya wiki ya 18 na ya 24, katika moyo ambao umbo lake lote ni zima.

Kati ya akina mama 100 wenye anti-Ro, watoto wanaopatwa na hili ni kama wawili tu. Na wengi wa hao akina mama walikuwa kama wewe: wazima, wanafundisha, wanauza sokoni, wanalima, hawajui wana nini damuni hadi siku mtoto aliposikika akipiga polepole. Hukula kitu kibaya. Hukubeba mtungi mzito. Hakuna kliniki ya kawaida ya wajawazito inayopima anti-Ro kwa kila mama, kwa hiyo hata ungehudhuria kila wiki usingeambiwa.

Kuhusu yule sista wa kwanza, nitasema jambo moja, na simsemi kwa hasira kwa sababu nimesimama mahali pake. Mapigo ya mtoto tumboni ni kati ya 110 na 160. Ukisikia 58 au 70, akili inakimbilia kusema ni mshipa wa mama. Nilipofundishwa ukunga, sista mkuu alitukataza kusikiliza tumbo bila kushika kifundo cha mkono wa mama kwa wakati huo huo. Mkono wa kulia kwenye tumbo, vidole vya kushoto kwenye mshipa. Mapigo mawili yakienda pamoja, ni ya mama. Yakipishana, unaye mtoto mwenye mapigo ya chini, na huyo harudishwi nyumbani wiki nne. Hapakuhitajika mashine ya bei kubwa, vilihitajika vidole viwili. Asante kwa kutosikiliza ule ushauri wa wiki nne. Ulisikiliza roho yako ukakopa pesa ya skani, na sitaki uwahi kujilaumu tena mbele yangu.

Sasa tuje kwenye dawa.

Sindano za wifi yako ni za mapafu. Mtoto akizaliwa kabla ya wakati, mapafu yake hayana utelezi wa kutosha wa kuyafungua, yanagandamana kama mfuko wa nailoni uliolowa. Miaka ya 1960 huko Auckland, New Zealand, Graham Liggins alikuwa anachunguza kondoo, akitaka kujua uchungu wa kuzaa huanzishwa na nini. Akawapa steroidi wana-kondoo waliokuwa tumboni, wakazaliwa mapema mno, na akashangaa kuwaona wanapumua wakati ambapo walipaswa kuwa wamekufa. Mwaka wa 1972 yeye na mwenzake Ross Howie walichapisha majaribio kwa akina mama, na tangu hapo sindano hizo zimeokoa watoto wasiohesabika. Ni kozi fupi: miligramu 6 kila baada ya saa 12, sindano nne, siku mbili, basi.

Na usidhani ni utafiti wa wazungu pekee. Mwaka wa 2020 yalitoka matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, kwa akina mama 2,852 waliokuwa karibu kujifungua kabla ya wiki ya 34. Waliopewa dawa halisi, vifo vya watoto wachanga vilikuwa asilimia 19.6. Waliodungwa maji matupu, asilimia 23.5. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa imeonekana wazi. Kwa hiyo wifi yako hasemi uongo. Mtoto wake anayekimbia ni ushahidi.

Lakini wifi anakosea anapokuambia ukadungwe sasa ili umalize. Sindano hizo zinamfaa mtoto anayekaribia kuzaliwa siku chache zijazo. Wewe hujaonyesha dalili yoyote ya leba. Mwaka wa 2015 ulichapishwa utafiti mwingine, wa vijijini katika nchi 6, Kenya ikiwemo. Huko walihimiza sindano hizi zitolewe kwa wingi, na akina mama wengi walizipata kisha wakaja kujifungua mimba ikiwa imekomaa. Vifo vya watoto kwa jumla havikupungua, viliongezeka, na akina mama wengi zaidi walipata maambukizi. Dawa ni ile ile, lakini wakati na mahali havikuwa sawa. Inahitaji wiki za mimba zinazojulikana kwa hakika, hospitali yenye nasari ya watoto wachanga, na mama asiye na maambukizi. Mshukuru wifi, mwambie sindano zake umeziweka akiba, nami nitakuambia hapo chini siku ya kuzitoa.

Vidonge ulivyoandikiwa ni kazi ya pili. Hapa deksamethasoni haiendi kukomaza mapafu, inaendea moyo: itulize ule uvimbe kwenye kituo cha umeme. Inachaguliwa yenyewe, na si prednisolone inayojulikana zaidi, kwa sababu kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachoivunja prednisolone kabla haijamfikia mtoto. Deksamethasoni inapenya. Na humezwa kila siku, wiki baada ya wiki. Miezi mitatu ya vidonge na siku mbili za sindano si kitu kimoja, hata kama jina kwenye pakiti ni moja. Jirani yako naye ana sehemu yake ya ukweli. Krimu ile iliyoharibu uso wa dada yake ni ya ukoo huu huu, na kilichomwumiza ni kupaka dawa kali siku nyingi bila mtu wa kumwangalia.

Swali ni hili: je, vidonge vitafungua njia iliyokwisha kuziba? Hapa ndipo madaktari wako wawili wanapoachana, na nataka ujue kwamba wote wawili wana sababu.

Daktari wako wa Nakuru ana nyuma yake kazi iliyotoka Toronto, Kanada, mwaka wa 2004. Wenzetu wa kule walitazama watoto waliokuwa na kuziba kamili wakiwa tumboni. Baada ya kuanza kuwapa akina mama deksamethasoni kama utaratibu, na dawa ya kuongeza kasi ya moyo pale mapigo yaliposhuka sana, watoto waliofikisha mwaka mmoja wakiwa hai walikuwa asilimia 95. Kabla ya hapo, asilimia 47. Daktari akisoma hivyo, anaandika dawa. Hata mimi ningeandika.

Ila wale watoto wa zamani na wale wa baadaye hawakutibiwa katika miaka ile ile, na kati ya miaka hiyo mengi yalikuwa yameboreka: skani, nasari, bateri za moyo za watoto wachanga, yaani vile vifaa vidogo vya kuupigisha moyo kwa umeme. Tafiti zilizofuata hazikuiona faida hiyo tena. Moja ya mwaka wa 2016, iliyoongozwa kutoka New York, ililinganisha watoto 156 wenye shida kama ya mwanao, wengine mama zao wakiwa wamemeza hizi steroidi na wengine la. Dawa haikuzuia vifo wala ugonjwa kuendelea kwa kiwango cha kuonekana. Na hakuna utafiti ambapo kuziba kwa daraja la tatu kulifunguka kwa uhakika kwa sababu ya deksamethasoni. Kovu ni kovu. Mwaka wa 2020 chama cha madaktari wa magonjwa ya viungo cha Marekani kilitoa mwongozo: kuziba kukiwa daraja la kwanza au la pili, mama anaweza kupewa miligramu 4 kwa siku. Kukiwa daraja la tatu peke yake, bila dalili nyingine ya moyo kuvimba, wanashauri isitolewe. Hivyo ndivyo daktari wako wa Eldoret anavyofikiri.

Dawa yenyewe nayo ina bei yake ndani ya mwili. Ikimezwa wiki nyingi inaweza kumdumaza mtoto tumboni na kupunguza maji ya uzazi. Kwako inaweza kupandisha sukari na presha, kukuondolea usingizi, kukufungulia mlango wa maambukizi. Na ukishaizoea, huiachi ghafla, inashushwa polepole na daktari, kwa kuwa mwili unakuwa umesahau kutengeneza ya kwake.

Umeniuliza nimeze ama nisimeze. Mimi si daktari wako, sijaiona eko, na karatasi hiyo itajibiwa na walioiona. Lakini hutaki nikujibu kwa mafumbo, kwa hiyo nakuambia ninavyoliona. Ikiwa kilichoandikwa ni daraja la tatu, bila maji, misuli ya moyo inasukuma vizuri, basi sioni kitu ambacho vidonge vya miezi mitatu vitakununulia cha kulingana na gharama yake. Mwache huyo mtoto akue uzito. Bateri ya moyo inamhitaji awe na kilo zake.

Mambo yanayoweza kunigeuza ni haya, na ndiyo uyaulize Jumatano bila haya, hata kama foleni ni ndefu: Je, kuna mahali popote pa moyo panapong'aa au kuonyesha uvimbe, mbali na kile kituo? Misuli inasukuma kwa nguvu? Kuna maji yoyote yameanza kuzunguka moyo, mapafu au tumbo la mtoto? Jibu likiwa ndiyo kwa uvimbe au maji, wengi watatoa deksamethasoni, hata wale wasioipenda, na hapo nami nitakuambia umeze. Na mapigo yakishuka chini ya 55 hivi, uliza kuhusu salbutamol, ile ile dawa ya pumu, ambayo mama huimeza ili kuusukuma moyo wa mtoto upige kasi kidogo. Mwombe daktari wako wa Nakuru na yule wa Eldoret wazungumze kwa simu mbele yako. Si kuwagombanisha. Ni mtoto mmoja, apate mpango mmoja.

Ninaomba eko ya mara kwa mara, kila wiki moja au mbili kadiri watakavyokubaliana. Nauli ya Eldoret si mchezo, najua. Uliza kama baadhi ya vipimo, maji na mapigo tu, vinaweza kufanyiwa Nakuru, kisha eko kamili Eldoret.

Sasa zile sindano za wifi. Zinatoka akibani siku ambayo utapata uchungu kabla ya wiki ya 34, au maji yatapasuka, au madaktari wataona lazima mtoto atolewe mapema. Siku hiyo usizikatae. Nimeona mama akikataa sindano za mapafu kwa sababu alikuwa ameambiwa "steroidi ni mbaya kwa mtoto wako wa moyo", na walizungumza naye saa nzima dirishani huku wakati unakwenda. Ukikataa vidonge hujakataa sindano. Andika hivyo kwenye kitabu chako kama ni lazima.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kitabu. Chukua kitabu chako cha kliniki cha mama na mtoto. Ndani ya jalada, juu kabisa, bandika nakala ya ripoti ya eko, na chini yake daktari aandike kwa herufi kubwa: MTOTO ANA KUZIBA KWA UMEME WA MOYO, MAPIGO YAKE YA KAWAIDA NI 58. Ukifika wadi ya leba usiku wa manane ukakuta zamu isiyokujua, wataweka dopla, watasikia 58, na kila walichofundishwa kitawaambia mtoto anakufa. Watakukimbiza thieta. Kuna watoto waliotolewa kwa upasuaji wa haraka wakiwa wachanga kupita kiasi, kumbe walikuwa salama tumboni na mapigo yao ya polepole. Mashine ya kuchora mapigo wakati wa leba haisomeki vizuri kwa mtoto kama huyu. Kwa hiyo mpange mapema mahali pa kujifungulia, hospitali kubwa yenye nasari na daktari wa moyo wa watoto karibu, na uhamie karibu nayo wiki za mwisho ikiwezekana. Kama kuna jamaa Eldoret, anza kuzungumza naye sasa. Na uulize mapema SHA, bima ya afya ya serikali, italipa nini na nini kitabaki juu yenu, maana bateri ya moyo si kitu cha kuchangiwa kwa usiku mmoja.

Maana wengi wanaihitaji. Marekani kuna daftari la watoto waliozaliwa na tatizo hili, na mwaka wa 2011 walipowahesabu 325, kama saba katika kila kumi waliozaliwa hai waliwekewa bateri. Zaidi ya 80 katika kila 100 waliishi. Sikufichi kwamba wengine hawakuishi. Lakini waliokuwa kwenye hatari kubwa ni wale ambao tatizo lilionekana kabla ya wiki 20, wenye mapigo ya 50 kushuka chini, wenye maji mwilini, na wenye misuli iliyochoka. Wako, kwa barua yako, hayumo katika matatu ya kwanza, na la misuli ndilo utakaloliuliza Jumatano. Anti-Ro zako zitaisha katika damu yake anapokaribia mwaka. Akizaliwa akatoka vipele vyekundu usoni kuzunguka macho, usiogope, navyo ni vya kingamwili hizo hizo na vitaondoka. Ila mfiche na jua.

Kuhusu mtoto mwingine: hatari inapanda, inakuwa kama 16 hadi 18 kati ya 100. Ni kubwa, lakini bado ina maana kwamba wengi wanazaliwa salama. Na kuna habari njema ambayo mama zetu hawakuwa nayo. Haidroksiklorokwini, ndugu ya ile klorokwini tuliyokuwa tunameza kwa malaria ikatuwasha mwili mzima, imejaribiwa kwa akina mama ambao mtoto wao wa kwanza alipatwa. Ikaanzwa kabla ya wiki ya 10. Katika matokeo yaliyochapishwa 2020, waliopatwa tena walikuwa wanne kati ya 54. Kwa hiyo siku utakapotaka mwingine, daktari ajue kabla ya mimba. Usimwambie ukiwa na miezi minne.

Na macho yako, mwanangu. Mchanga machoni na mdomo mkavu kwa mtu mwenye anti-Ro si vumbi la Nakuru. Yawezekana ni ugonjwa unaokausha tezi za mate na machozi. Una jina na una matibabu. Omba rufaa kwa daktari wa magonjwa ya viungo, hata kama magoti hayakuumi. Kila mtu amemtazama mtoto, na nani amekutazama wewe?

Mama mkwe nimemwacha mwisho, maana ndiye nimemfikiria zaidi. Mimi sitakuambia umdharau. Chira kwake ni lugha ya kusema kwamba mtoto wa ukoo ameguswa na yeye anaogopa. Ikiwa kuna jambo la heshima ambalo wazee wa Ahero wanataka litimizwe, na mume wako anaona ni sawa, lifanyeni. Halizuii eko. Kitu usichokubali ni kuahirisha safari ya Jumatano kwa sababu yake. Na yeye asiambiwe na wewe habari za kingamwili, aambiwe na mwanawe.

Ndiyo maana nakuomba jambo hili: Jumatano usiende peke yako. Mume wako aombe ruhusa kazini, mpande matatu pamoja, aingie chumba cha eko. Mwambie daktari amgeuzie skrini kama alivyokugeuzia wewe. Amwonyeshe vyumba vya juu vinavyokimbia 140 na vya chini vinavyokwenda 58, vyote vya mtoto wake, kisha amwachie dakika chache atazame. Anayejifanya amelala saa tano usiku huenda hajui tu pa kuanzia.